Globini: Mkunjo wa Damu na Chanzo cha Maradhi ya Selimundu

(Matini ya muhadhara uliotolewa msikitini baina ya sala ya Magharibi na Isha)



Maudhui ya jioni hii si ya fiqhi wala si ya nahau kama mlivyozoea kunisikia, bali ni ya kitu kidogo mno ambacho hata darubini ya zahanati haiwezi kukionesha, nacho kimo katika kila tone la damu ya kila aliyeketi hapa. Tumelichagua jambo hili kwa sababu ya watoto. Katika madrasa zetu hakosekani mtoto mwenye macho ya manjano, mwembamba kuliko wenzake, ambaye hukosa darasa wiki nzima kwa maumivu ya mifupa, kisha akarudi akicheza kama kwamba hakupatwa na lolote. Wako wanaosema huyu ni mvivu. Wako wanaosema amerogwa, au ana jini. Na wako, nao si wachache, wanaomgeukia mama yake na kusema kuwa damu ya ukoo wao ndiyo mbovu. Kauli zote tatu ni batili, na ubatili wake unadhihirika kwa kulielewa umbo la protini moja. Basi naomba mnivumilie, maana njia ni ndefu kidogo kabla hatujafika kwa yule mtoto.

Protini ni nini? Chukueni mfano wa tasbihi. Uzi ni mmoja, na shanga zimepangwa juu yake moja baada ya nyingine. Protini nayo ni mnyororo wa shanga, na shanga zake ni vitu viitwavyo asidi za amino, ambazo ziko aina 20. Tofauti ni kwamba tasbihi ukiitundika hubaki ikining'inia, ama mnyororo wa protini hujikunja wenyewe ukawa na umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloupa kazi yake. Zipo shanga zinazokimbia maji, hizo hujificha ndani ya mkunjo. Zipo zinazopenda maji, nazo hukaa nje. Sehemu ya protini yenye mkunjo wake kamili unaoweza kusimama peke yake na kufanya kazi yake huitwa na wataalamu domeni. Zipo domeni ambazo hukutwa katika viumbe vilivyo mbali kabisa kwa kila mmoja, na mkunjo wake umebaki ule ule. Hizo husemwa kuwa ni domeni zilizohifadhiwa. Globini ni mojawapo, na ni ya kwanza ambayo binadamu alifanikiwa kuliona umbo lake.

Kazi hiyo ilifanyika Cambridge, Uingereza. Max Perutz alianza kuichunguza hemoglobini, yaani protini nyekundu ya damu, mnamo mwaka 1937, na akaitumia damu ya farasi. Mwenzake John Kendrew alichagua protini ndogo zaidi, mayoglobini, ambayo huhifadhi oksijeni ndani ya misuli, naye akaichukua katika nyama ya nyangumi, kwa kuwa samaki mkubwa yule (samaki kwa lugha yetu ya pwani, si kwa hesabu ya wataalamu) huzama kwa muda mrefu na misuli yake imejaa protini hiyo. Waliyageuza maada hayo kuwa fuwele, wakayapiga miale ya eksirei, na kutokana na namna miale ilivyotawanyika wakakokotoa mahali pa kila kitu. Kendrew alipata sura ya kwanza ya mayoglobini mwaka 1958 na sura iliyo wazi zaidi mwaka 1960. Mwaka huo huo wa 1960 Perutz naye akatoa sura ya hemoglobini, baada ya miaka zaidi ya 20 ya kazi moja. Mwaka 1962 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Jambo lililowashangaza ni hili: misuli ya nyangumi na damu ya farasi vilikuwa na mkunjo mmoja. Hemoglobini ilionekana kuwa ni globini nne zilizoshikamana, mbili za aina ya alfa zenye shanga 141 kila moja, na mbili za aina ya beta zenye shanga 146. Na kila moja ya hizo nne ilifanana na mayoglobini ya nyangumi. Mnyororo hujiviringa kama hesi ya parafujo, kisha hukata kona, kisha hujiviringa tena, mpaka vinapatikana vipande vinane vilivyoviringika, ambavyo wataalamu wamevipa herufi A mpaka H. Vipande hivyo hulaliana na kuacha shimo dogo katikati, na ndani ya shimo hilo hukaa kibati kiitwacho hemu, chenye atomu moja ya chuma katikati yake. Oksijeni tunayoivuta hutua juu ya chuma hicho. Chuma kikiachwa peke yake ndani ya maji huliwa na kutu, lakini ndani ya shimo la globini kinashika oksijeni na kuiachia bila ya kuharibika. Hiyo ndiyo kazi ya mkunjo mzima: kukilinda chuma kisipate kutu.

Wala si kwa wanyama peke yao. Nendeni shambani mkang'oe mche wa kunde wakati umestawi. Katika mizizi mtaona vinundu vidogo. Kikate kimoja kwa ukucha, utakuta ndani yake rangi ya waridi iliyo karibu na nyekundu. Hiyo ni globini. Ndani ya vinundu wanaishi bakteria wanaoigeuza naitrojeni ya hewani kuwa mbolea, na chombo wanachokitumia huharibika kikiguswa na oksijeni nyingi. Basi mmea wa kunde hutengeneza globini yake ili oksijeni idhibitiwe, iwafikie bakteria kwa kipimo. Mkulima wa kunde anaimwagilia maji jamaa ya damu yake naye hajui.

Hapa ndipo penye nukta ambayo kwa sisi tuliosoma sarufi ya Kiarabu ni nyepesi kuifahamu. Ukizilinganisha shanga za globini ya mmea na za mwanadamu, utakuta zinazolingana ni chache sana, kwa baadhi yake hazifikii moja kati ya tano. Hata hivyo mkunjo ni ule ule. Vipi? Tazameni maneno kitabu, katibu na maktaba. Irabu zimebadilika, maneno yamerefuka na kufupika, lakini herufi tatu za asili, kaf, ta na ba, hazikuondoka, na maana ya uandishi imebaki nazo. Globini nayo ina herufi zake za asili. Katika kipande cha F, mahali pa nane, hukaa shanga iitwayo histidini, ambayo hushikana na chuma moja kwa moja. Haipatikani globini yenye kufanya kazi hii ya kushika oksijeni ikawa imeikosa. Kwenye kona iliyo baina ya kipande cha C na cha D hukaa fenilalanini, ambayo hukibana kibati cha hemu kisichezecheze. Nayo imebaki, kwa nyangumi na kwa kunde. Nyingine nyingi zimeachiwa zibadilike, madhali zinazotakiwa kukimbia maji zinaendelea kuyakimbia.

Wataalamu wa elimu ya viumbe wanasema uhifadhi huu unatokana na asili moja ya kale mno, na kwamba aliyezaliwa na kasoro katika herufi za asili hakubaki kuirithisha. Wapo katika sisi wenye maneno marefu juu ya suala hilo, na si mjadala wa usiku wa leo. Lililo wazi kwa kila mtu ni matokeo ya kuigusa herufi ya asili. Katika eneo la Iwate, Japani, zilijulikana familia zenye watu wa midomo ya kibuluu na damu iliyoelekea weusi. Ilipochunguzwa, ilikutwa kuwa ile histidini ya F mahali pa nane, katika globini ya alfa, imebadilika ikawa tairosini. Chuma kimeingia kutu, hakishiki tena oksijeni, na rangi ya damu imegeuka.

Sasa turejee kwa mtoto wetu. Je, naye ameharibikiwa na herufi ya asili? Hapana, na hili ndilo ninalotaka mlishike.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu inatofautiana na ya wengine kwa chaji ya umeme, wakautangaza kuwa ni ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye, 1956 na 1957, Vernon Ingram wa Cambridge aliikatakata hemoglobini hiyo vipande vidogo, akavitandaza juu ya karatasi, na akakuta kipande kimoja tu kimekaa mahali tofauti. Katika globini ya beta, shanga ya sita, ilipopaswa kuwepo asidi ya glutamiki ipo valini. Basi. Katika shanga 574 za hemoglobini nzima zimebadilika mbili, kwa kuwa beta ni mbili.

Na shanga ya sita iko wapi? Iko mwanzoni mwa kipande cha A, nje kabisa, juu ya uso wa mkunjo, mbali na chuma. Mkunjo haukuguswa. Shimo la hemu ni zima. Histidini ipo mahali pake. Hemoglobini ya mtoto huyu hubeba oksijeni kutoka mapafuni kama ya mtu mwingine yeyote. Ila asidi ya glutamiki hupenda maji na kukaa nje kwake ni sawa. Valini huyakimbia maji, nayo imewekwa nje, imesimama kama mtu aliyefungiwa mlango wakati wa mvua, inatafuta pa kujisitiri.

Hemoglobini ina hali mbili. Ikibeba oksijeni hukaa mkao mmoja, na ikiiachia oksijeni mwilini hugeuka kidogo ikawa katika mkao wa pili. Katika mkao huo wa pili, kwenye uso wa globini ya beta baina ya kipande cha E na cha F, hutokea kibonyeo ambacho ndani yake mna shanga zinazokimbia maji. Kwa mtu mzima wa afya kibonyeo hicho hakina dhara, kwa kuwa hakuna cha kuingia. Lakini valini ya hemoglobini jirani hukiona, ikajichomeka humo. Jirani naye akajichomeka kwa jirani yake. Ukapatikana uzi, na nyuzi 14 zikasokotana zikawa kamba ngumu, na kamba nyingi zikaivuta chembe nyekundu ya damu mpaka ikapinda mfano wa mundu. Ndiyo maana ya jina selimundu. Waarabu nao wameuita kwa minjali, ambao ni mundu huo huo. Mitaani kwetu tunasema sikoseli.

Chembe iliyopinda ni ngumu, hukwama katika mishipa myembamba, damu ikazuilika, na mahali palipozuiliwa panauma kwa uchungu ambao wagonjwa wenyewe huulinganisha na kuvunjika mfupa. Chembe nyekundu ya kawaida huishi takriban siku 120; ya mgonjwa huyu huishi baina ya siku 10 na 20. Mabaki yake ndiyo yanayoyapa macho rangi ya manjano. Wengu, ambao hulinda mwili dhidi ya bakteria wa damuni, huharibika mapema utotoni. Kwa hiyo homa ya mtoto wa selimundu haingojewi mpaka asubuhi. Hupelekwa hospitali usiku huo huo.

Katika umbo hilo yamo majibu ya mengi wanayoyauliza wazazi. Kwa nini mtoto alizaliwa mzima, kisha maradhi yakaanza baada ya miezi sita hivi? Kwa sababu tumboni mwa mama yake na katika miezi ya mwanzo alikuwa na hemoglobini ya kitoto, ambayo badala ya beta ina globini nyingine iitwayo gama. Gama haina valini ile, na ikichanganyika na hemoglobini ya ugonjwa huzuia nyuzi zisisokotane. Inapopungua gama na kuongezeka beta, ndipo maumivu yanapoanza. Wengi husema "mtoto alipigwa jicho siku ya arubaini" au "alipoanza kukaa", na kumbe ilikuwa zamu ya globini kubadilishana. Na kwa nini anaumwa zaidi akipungukiwa maji? Kwa sababu kadiri hemoglobini inavyosongamana ndani ya chembe ndivyo nyuzi zinavyosokotana upesi, na msongamano ukizidi kidogo tu, kasi huongezeka mara nyingi sana. Maji kwake ni dawa. Hapa niseme neno juu ya Ramadhani: mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, inayojulikana na kila mmoja wetu, na kijana wa selimundu akiambiwa na daktari kuwa saumu itamdhuru asishawishiwe na babu wala na mwalimu kujitia ushujaa.

Ama kwa nini sisi? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya mwaka 1949 akakuta wenye chembechembe hii ni wengi pwani na pembezoni mwa Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu. Ramani hiyo ni ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye kuirithi kwa mzazi mmoja tu anakingika kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Huyo ndiye anayeandikwa AS. Ana beta za aina zote mbili, nyuzi hazisokotani katika maisha yake ya kawaida, na mara nyingi huishi mpaka uzeeni asijue. Lakini msije mkachanganya: mtoto wa SS, aliyerithi kwa wazazi wote wawili, hana kinga ya kutegemea, na malaria humuua haraka kuliko wenzake. Chandarua chake ni muhimu kuliko cha mtu yeyote nyumbani. Watu wa maeneo haya wamesafiri na kuoana, na ndiyo maana maradhi haya yapo Tanzania, ambako hukadiriwa kuwa takriban watoto 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka, na Kongo, na Oman, na mashariki ya Saudi Arabia.

Basi kauli ya kumlaumu mama inasimamia wapi? Mtoto hawi SS isipokuwa amepata S moja kwa baba na S moja kwa mama. Anayemtaliki mkewe kwa sababu amemzalia watoto wa sikoseli amebeba nusu ya sababu katika damu yake mwenyewe, na anakwenda nayo kwa mke wa pili. Nimewasikia pia wanaosema, "Daktari alituambia robo, na huyu wa kwanza ameshaumwa, basi watatu wanaofuata watasalimika." Sivyo. Wawili wenye AS wakioana, kila mimba ni mpya: nafasi moja kati ya nne ya SS, mbili kati ya nne ya AS, na moja kati ya nne ya AA. Mimba ya tano haiulizi yaliyotokea katika ya nne.

Kwa hiyo mimi naona, na hii ni rai yangu, kwamba kuwapima wachumba kabla ya posa kutangazwa ni katika heshima ya posa yenyewe. Baada ya mahari kupokewa na kadi kugawiwa, majibu huwa ni fedheha kwa nyumba mbili. Kwetu, ambako binamu huozwa binamu, uwezekano wa wote wawili kuwa na S ya babu mmoja ni mkubwa zaidi. Saudi Arabia imelifanya sharti tangu mwaka 2004: wachumba hupimwa, huelezwa majibu yao, kisha uamuzi huachiwa wao wenyewe. Sijasikia kuwa ndoa zimekoma huko. Wala mwenye AS si mgonjwa wala si wa kukimbiwa. Akioa au akiolewa na mwenye AA, hatapatikana mtoto wa SS katika ndoa hiyo.

Na aliyekwisha kuzaliwa? Hapa kuna habari njema ambazo wazazi wetu hawakuzipata. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 1986 ulionesha kwamba penisilini ya kila siku kwa watoto wadogo wenye selimundu hupunguza maambukizi mabaya ya pneumokoki kwa asilimia 84. Dawa ya haidroksiyurea huirudisha ile hemoglobini ya kitoto ifanye kazi yake ya kuzitenganisha nyuzi. Kule mashariki ya Saudi Arabia walikwishaonekana wagonjwa ambao kwa maumbile wanabaki na gama nyingi, na ugonjwa wao ni mwepesi. Dawa hii inaiga hali yao. Utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi hapa Kenya, na kutangazwa mwaka 2019, ulionesha kuwa watoto wanaoitumia walipungukiwa na maumivu, na malaria, na vifo. Muhimbili, Dar es Salaam, wamekuwa na mpango wa kuwafuatilia wagonjwa hawa tangu mwaka 2004. Ipo pia tiba ya kuhariri vinasaba vya mgonjwa mwenyewe ili gama irejee, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, lakini bei yake huko Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, na sioni haja ya kuwatamanisha kitu hicho. Vidonge vya penisilini ni senti chache, na bado kuna mtoto anayepelekwa kwa mganga kwa kuku wawili na shilingi elfu kadhaa.

Mwenye kwenda kupima ajue jambo moja la mwisho. Kipo kipimo cha zamani ambacho chembe za damu hunyimwa oksijeni zikatazamwa kama zitapinda. Kipimo hicho husema kama S ipo au haipo, lakini hakimtenganishi mwenye AS na mwenye SS. Ombeni kile kinachoitenga hemoglobini kwa aina zake, kiitwacho elektroforesisi, au kimojawapo cha vipimo vipya vya haraka vya tone la kidoleni. Majibu yatakuja kwa herufi mbili. Ziandikwe katika kadi ya kliniki ya mtoto, pale penye tarehe ya kuzaliwa na chanjo, na wachumba waoneshane za kwao kabla wazee hawajakaa.